Nilikosa Daraja la Kwanza kwa Pointi Nne

Mdogo wangu amepata chuo mwaka huu. Wiki ya kwanza tu, hata kafteria hajaijua iko wapi, akanipigia: "Dada, hivi fasti klasi inapatikanaje?" Nikamwambia nipo kwenye daladala, nitampigia. Sikumpigia. Jibu lake si la dakika tano za simu, na isitoshe mimi mwenyewe sikuipata. Niliikosa kwa pointi nne, na ninajua kila moja ilikodondokea. Nimeona bora nimwandikie, na mwenye mdogo wake naye amsomee.

Nilisoma sosholojia kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, kuanzia 2016 hadi 2019. Nilitoka Nzega na divisheni wani yangu ya HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, kichwa kimevimba. Nilidhani daraja la kwanza ni la wenye akili, na kwa kuwa nilijiona ninazo, basi lingekuja lenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba ni hesabu ya sokoni, ile ile anayopiga mama kila jioni akifunga meza yake ya mchele.

Mama naye hadi leo neno lenyewe linamchanganya. Nilipomwambia mwaka wa kwanza kuwa nataka kumaliza na shahada ya heshima, aliniuliza, "Si ile wanayopewa marais?" Nikamweleza kwamba hiyo ni nyingine, ya kutunukiwa, yangu ni ya kusotea. Hakuelewa. Novemba 2022, Rais Samia alipotunukiwa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mama alinipigia akiwa mbele ya televisheni: "Umeona? Mwenzio ameipata."

Sasa hesabu yenyewe. Kwetu ukipata alama 70 kwenda juu ni A, pointi 5. Kuanzia 60 ni B+, pointi 4. Kuanzia 50 ni B, pointi 3. Kuanzia 40 ni C, pointi 2, na chini ya hapo umefeli. Mwishoni GPA, yaani wastani wa pointi zako, ya 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, ambalo wanachuo tunaliita "apa", 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Vyuo vingi vya Tanzania vinafuata ngazi hizi au zinazofanana nazo. Rafiki yangu aliyesoma Kenya alinishangaa: kwao ni wastani wa asilimia tu, ukifika 70 umemaliza. Kwetu mwenye 70 na mwenye 95 wote wana A ileile, na mwenye 69 analala na mwenye 60. Shika hilo, maana litanirudia.

Kitu ambacho sikukijua ni uzito wa kozi. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inahesabu krediti moja kuwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kozi zangu zilikuwa za krediti 12 au 8. Pointi ulizopata unazizidisha kwa krediti za kozi, unajumlisha zote, unagawa kwa 360. Aliyepata A kila mahali ana pointi 1,800. Ili ufike 4.4 unahitaji 1,584. Maana yake, ndani ya miaka mitatu una ruhusa ya kupoteza pointi 216, basi. Ningeijua namba hiyo wiki ya kwanza ningeibandika ukutani juu ya kitanda. Niliijua mwaka wa pili ukiisha.

Mwaka wa kwanza nilipoteza 112.

Muhula wa kwanza tulikuwa na kozi ambazo chuo kizima kinasoma: DS, yaani taaluma za maendeleo, na stadi za mawasiliano. Ukumbi wa DS unajaza watu zaidi ya elfu, wengine wamekaa kwenye ngazi, spika zinakoroma, na wakongwe wa hosteli wanakwambia, "Hiyo piga desa siku mbili kabla ya UE, inatosha." Desa ni noti za kutoa kopi, UE ni mtihani wa mwisho wa muhula. Ilikuwa ya krediti 8. Nikaidharau. Msuli wangu wote nikaupeleka kwenye kozi za idara, zile ambazo jina lake lilifanana na jina la shahada yangu.

Testi ya kwanza ya DS ilikuwa Jumamosi. Ikasogezwa hadi Alhamisi jioni. Tangazo lilibandikwa ubaoni na CR, kiongozi wetu wa darasa, akalirusha kwenye grupu, lakini mimi tangu saa nne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya kusaini bumu, hela ya kujikimu ya mkopo. Waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo wanaijua foleni ile. Sikuwa nimekula vizuri kwa wiki nzima. Nilikuwa naishi kwa maandazi na chai ya mwenzangu wa chumbani, huku nikihesabu ile 8,500 ya siku ambayo ilikuwa haijaingia. Simu haina bando. Nilisaini saa kumi na moja, nikanunua chipsi mayai kwa mkopo, nikalala. Asubuhi naambiwa testi imeshapita.

Kosa la kukosa testi lilikuwa bahati mbaya. Kosa la pili lilikuwa langu kabisa: sikwenda kwa mwalimu. Niliona aibu. Kanuni zilitaja ugonjwa na msiba, hazikutaja foleni ya bumu, nikajijibu mwenyewe kwamba atanikatalia. Miaka miwili baadaye nilikutana na dada mmoja aliyekosa testi ileile kwa sababu ileile. Yeye alikwenda kesho yake asubuhi, akaomba, akafanya testi maalumu ofisini. Kwa hiyo usijikatalie kwa niaba ya mwalimu. Nenda ndani ya siku moja au mbili, na barua mkononi, mwache akatae yeye.

Koziweki, yaani testi na asaimenti za muhula, kwetu ni 40 na UE ni 60. Testi ya kwanza 0 kati ya 15, ya pili 9, asaimenti ya kikundi 7 kati ya 10. Nikaingia UE na 16. Nikasoma desa siku mbili, kama nilivyofundishwa. UE nikapata 22. Jumla 38. Sapu.

Sapu, yaani mitihani ya kurudia ya waliofeli, zilifanyika Septemba, chuo kimefungwa, hosteli zimefungwa, bumu hakuna. Nilipanga kitanda kwa dada mmoja mtaani siku tisa. Nauli ya kwenda na kurudi, kitanda, chakula na kutoa kopi: 146,000. Mama aliuza gunia la mpunga alilokuwa ameliweka asubiri bei ipande. Alinipa hela ile bila kuniuliza kitu, na bora angeuliza.

Safari hii nilisoma. Nilisoma DS nikaipenda, mpaka leo naweza kukueleza Azimio la Arusha na marekebisho ya uchumi ya miaka ya themanini bila kushika karatasi. Nikapata 64. Nilirukaruka chumbani nikijua nimepata B+. Matokeo yalipotoka mtandaoni: C. Nikadhani wamekosea. Kumbe kanuni inasema aliyefanya sapu, hata apate 90, anaandikiwa C. Hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu cha kanuni za mitihani tulichopewa siku ya usajili, kitabu ambacho mimi nilikuwa nakiwekea pasi ili isiunguze meza.

Kisome kile kitabu. Ni kikavu, lakini hakifiki saa mbili. Tafuta mambo manne humo: sapu inaandikwaje, rufaa ina siku ngapi na inalipiwa kiasi gani, kozi ya hiari unaweza kuiacha hadi wiki ya ngapi, na GPA inakatwa au inakadiriwa. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ndilo lililoniua.

Mwaka wa pili nilitulia. Nilikuwa nimeshika adabu, nikipoteza pointi 68 tu, nyingi kwenye takwimu ambazo mtu wa HGL hakuzitarajia. Ushauri mmoja tu kuhusu mwaka huo: asaimenti za vikundi. Tulikuwa na watu wanaochangia hela ya kuprinti tu. Nilikaa kimya nisionekane mnoko, tukapata 5 kati ya 10 kwa kazi iliyoandikwa usiku mmoja na mtu mmoja. Baada ya hapo nikawa mimi ndiye naunda kikundi mapema, kabla ya mwalimu hajagawa, na nachagua watu wanaokuja darasani saa moja asubuhi. Wanaowahi kipindi cha saa moja huwa hawakuangushi.

Ni baada ya mwaka huo, nikiwa fildi, mafunzo kwa vitendo, kwenye ofisi ya kata, mchana hakuna kazi, ndipo nilipochukua daftari nikapiga hesabu kamili. Miaka miwili: pointi 1,020 kwa krediti 240, sawa na 4.25, mtandaoni inasomeka 4.2. Ili nifike 1,584 nilihitaji 564 kati ya 600 za mwaka wa tatu. Yaani mwaka mzima niruhusiwe B+ tatu tu za kozi za krediti 12, kwingine kote A. Mtendaji wa kata aliniona nimeshika kichwa, akaniuliza kama nimefiwa.

Nikaamua kuipigania. Hapa ndipo pa kusema ukweli, kwa sababu watu wakisimulia habari za GPA huwa wanaficha upande huu.

Nilipata vidonda vya tumbo. Usingizi wangu ulikuwa wa saa nne tu kwa siku muhula mzima wa tano. Niliacha kwaya. Na nilifanya jambo moja ambalo bado linaniuma. Nilipata maswali ya mitihani ya nyuma ya kozi moja ya hiari, ya krediti 8, miaka sita mfululizo, kutoka kwa kaka mmoja aliyekuwa amemaliza. Mwenzangu wa chumbani, yule yule aliyenigawia chai na maandazi mwaka wa kwanza, aliniuliza kama nina past pepa yoyote. Nikasema sina. Nilikuwa nimezilaza chini ya godoro. Alizikuta akitandika, maana tulikuwa tunatandikiana vitanda. Hakusema neno. Alizirudisha pale pale, akalivuta shuka likanyooka vizuri. Hatukuongea hadi mahafali, na siku ya mahafali tulisalimiana kama watu waliokutana kituo cha basi.

Kozi ile nilipata 69.

Jambo moja nililolifanya sawasawa mwaka ule ni karatasi. Tangu ile sapu nilikuwa nimeanza kutunza kila testi iliyosahihishwa, kwenye faili la plastiki, kila muhula na mfuko wake. Matokeo ya awali ya muhula wa tano yalipotoka, kozi moja ya krediti 12 ilinionyesha 61. Nikajua si kweli. Koziweki iliandikwa 17, na mimi nilikuwa na testi ya alama 11 ambayo haikuonekana popote. Mtu aliruka mstari wakati wa kuingiza. Nilikwenda ofisini na karatasi yangu yenye wino mwekundu na saini. Dokta aliitazama, akaitazama kompyuta, akasema, "Ungechelewa wiki mbili ningekwambia pole." Matokeo yalikuwa bado hayajapitishwa na seneti. 61 ikawa 72. B+ ikawa A, pointi 12 zikarudi kwa dakika kumi. Mwenzangu mmoja alikuwa na tatizo hilohilo kwenye kozi hiyohiyo, lakini testi yake alishaitupa. Alibaki na B yake.

Kwa hiyo: piga hesabu ya koziweki yako mwenyewe kabla hujaingia UE, na matokeo yakitoka tu, linganisha. Usisubiri kufungua chuo. Na ukiona "I" mahali pa gredi, maana yake kuna alama haijafika. Haijiponyi yenyewe, ifuatilie.

Utafiti wangu wa mwisho nilipata 68. Hapo nilijiharibia kwa kuchagua mada kubwa, nikakusanya data kata tatu wakati moja ilitosha, nikaandika sura ya mwisho kwa siku nne. Msimamizi alikuwa amenionya. Kozi mbili nyingine zikatoa B+ pia. Jumla mwaka wa tatu: 560.

1,020 na 560 ni 1,580. Gawa kwa 360: 4.388.

Nilipopiga hesabu hiyo nilishangilia. Shuleni tumefundishwa kukadiria hadi desimali moja: 4.388 ni 4.4. Nilimpigia mama. Mama akawaambia wenzake wa sokoni. Baada ya wiki tatu matokeo yakatoka, yameandikwa 4.3, daraja la pili la juu. Kumbe GPA inakatwa, haikadiriwi. Hata ungekuwa na 4.399, ni 4.3. Na hiyo pia ilikuwa kwenye kile kitabu cha kuwekea pasi.

Nilikwenda kwa mwalimu wa ile kozi ya 69. Nilipiga magoti, kweli kabisa, kwenye zulia la ofisi yake. Alama moja tu ingenipa pointi 8, nami nilihitaji 4. Aliniinua, akanipa kiti, akaniambia karatasi imeshasahihishwa, imeshapitiwa na mtahini wa nje, na seneti imeshapitisha. Kisha akaniomba nimwonyeshe matokeo yangu yote. Akapitisha kidole kutoka juu, akasimama kwenye mstari wa tatu. "Hii C ya DS imekula pointi ngapi?" Ishirini na nne. "Na umekuja kwangu kudai nne?"

Nilimchukia kwa muda mrefu. Lakini alikuwa sahihi. Alama ya mwisho ndiyo inayouma, kwa hiyo ndiyo tunayoililia. Ile ya kwanza tulishaizoea. Ningepata 50 tu kwenye DS, B ya kawaida kabisa ya mtu aliyefanya testi zote mbili, ningekuwa na 1,588. Hiyo ni 4.41. Kukatwa kungekata moja ya mwisho, nami ningebaki na 4.4 yangu.

Novemba nilivaa joho la kukodi. Mama alikuja na basi la usiku, amevaa kitenge kipya. Kitabu cha mahafali kimepanga majina kwa madaraja, wa kwanza juu. Alilitafuta jina langu pale juu kwa kidole, polepole, hakuliona, akafungua ukurasa wa pili. Alipoliona alilisoma kwa sauti na kupiga kigelegele, watu wa safu ya mbele wakageuka. Sikuweza kumweleza tofauti siku ile.

Na tofauti yenyewe, nikiwa mkweli, nimekuja kuipima baadaye. Nilitaka kubaki chuoni nifundishe. Matangazo ya ukufunzi msaidizi huwa yanataka GPA isiyopungua 3.8, kwa hiyo 4.3 iliniingiza. Niliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, nikafanya mtihani wa maandishi, nikaishia hapo. Huenda fasti klasi ingenisaidia, huenda isingenisaidia. Kwenye mtihani ule hakuna aliyeniuliza GPA. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kwenda kusoma uzamili Uingereza unataka angalau daraja la pili la juu. Shirika linaloniajiri sasa liliniuliza kama najua kuendesha pikipiki. Najua.

Kwa hiyo nikikwambia ipiganie, sikwambii kwamba bila hiyo utakufa njaa. Nakwambia kwamba kuipigania mwaka wa kwanza ni rahisi: unahudhuria, unafanya testi zote, unaheshimu kozi za krediti 8. Kuipigania mwaka wa tatu kunakula tumbo na kunakula marafiki. Yule wa chai na maandazi nilimtafuta mwaka juzi, nikamwomba radhi. Alisema, "Yalishapita," na akanitumia picha ya mwanawe. Tunaandikiana sikukuu.

Mdogo wangu nilimtumia haya yote wiki iliyopita, kipande kwa kipande, kwa ujumbe wa sauti. Jana amenitumia picha ya testi yake ya kwanza ya DS: 12 kati ya 15. Nikampongeza, nikamuuliza ameihifadhi wapi.

Akasema ameifunikia ndoo ya maji ya kunywa.

Nimemwambia akaifunue sasa hivi, aianike.